Bi Cherehani Agoma Kuketi

Siku Kitinda alipomwambia, "Mama, Jumapili twende tukatembee korongoni," Bi Cherehani alijidunga kidole kwa sindano, jambo ambalo halikuwa limempata tangu alipokuwa anajifunza kushona. Alinyonya damu, akalisogeza shati la shule chini ya mashine, akakanyaga pedali kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Lakini moyoni alikuwa ameshasema: haya, safari hii zamu ni yangu.

Utauliza, kuna ubaya gani mama kualikwa matembezi na binti yake wa mwisho? Kwa watu wengine hakuna. Kwa familia ile, matembezi ndipo mahali pa kutolea habari nzito. Watoto walikulia kwenye vyumba viwili vya kupanga ambavyo ukuta wake mmoja ni mbao tupu, na nyuma ya mbao hizo anaishi Mama Redio. Husemwa kuta zina masikio. Ukuta ule ulikuwa na masikio na mdomo pia. Ukikohoa upande huu, Mama Redio anakupa pole upande wa pili, na kabla jua halijazama mtaa mzima unajua una kifua. Kwa hiyo, yeyote aliyekuwa na neno zito alisema tu, "Twende tukanyooshe miguu," na wote wakaelewa.

Aliyeianza desturi hiyo ni baba yao. Alimtoa mkewe matembezi, na walipofika katikati ya barabara, hata ng'ambo hawajafika, akamwambia kwamba amepata mwanamke mwingine na anahama. Bi Cherehani aliganda palepale barabarani, na kijana wa baiskeli aliyebeba trei za mayai akamkwepa, akaangukia mtaroni. Mume alikwenda zake. Mayai yalimwagika, mwanamke akabaki anamsaidia kijana wa watu kuokota maganda huku analia. Tangu siku hiyo akaweka sheria, na sheria zake hazikuwa za kujadiliwa: neno zito halisemwi mpaka watu wawe wamekaa chini. Watoto waliishika. Kitinda alitangaza mimba yake ya kwanza wakiwa wamekaa pembeni mwa uwanja wa mpira. Kaka yake, mpaka rangi ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, alieleza kwamba mkewe ameondoka na hatarudi wakiwa wamekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa.

Na hili la korongoni, Bi Cherehani aliamini analijua kabla halijasemwa. Wiki chache nyuma Kitinda alionekana akizungumza na mwenye nyumba getini, kwa sauti ya chini. Kisha Brashi alikuja, akasimama mlangoni pa chumba cha ndani, akatazama meza ya kukatia, majora ya vitambaa na mafungu ya sare za shule, akauliza, "Mama, hiki chumba unakihitaji kweli?" Swali gani hilo? Ni sawa na kumuuliza mtu kama anahitaji mapafu. Hapo akaunganisha mambo. Walitaka kumtoa pale, wauze mashine, wamhamishie kwa Kitinda akakae kwenye sofa kama mto.

Alishaona mambo hayo. Rafiki yake muuza vifungo alichukuliwa na watoto wake kwa heshima zote, akawekwa sebuleni, akakatazwa hata kuosha kikombe chake. "Pumzika, mama, umeshafanya kazi vya kutosha." Alipumzika. Haukupita muda, akapumzika moja kwa moja. Bi Cherehani alikwenda mazishini na sindano yake kwenye ukosi wa gauni, akaapa kwamba yeye watamkuta amekufa kwenye mashine, mguu ukiwa bado kwenye pedali.

Mkakati wake ulikuwa mwepesi. Sheria ni sheria: asipokaa, hawatasema. Wasiposema, hawatafanya. Ni akili ya mtoto anayefumba macho ili asionekane, lakini usimcheke. Mtu akitetea kitu chake cha mwisho hutumia silaha iliyo karibu, na yeye silaha yake ilikuwa miguu.

Jumapili asubuhi Kitinda alifika na kikapu: chupa ya chai, mkate, mayai ya kuchemsha na, Mungu wangu, mkeka uliokunjwa. Bi Cherehani aliuona ule mkeka akajua watu wamejiandaa. Brashi alikuja nyuma, amevaa ndala.

"We baba, ndala korongoni?" mama yake alimtania. "Unakwenda kuoga?"

"Viatu vinanibana, mama."

"Viatu vya mwaka jana vinakubana leo? Bado unakua?"

Brashi alicheka kidogo, akatazama pembeni. Bi Cherehani hakuwa na muda wa kuchunguza ndala za mtu. Alikuwa ameshatangulia kituoni.

Korongo lenyewe linajulikana. Zamani mto ule uliendesha mitambo ya kiwanda cha nguo, na wafanyakazi walichonga njia ubavuni mwa genge kwa nyundo na patasi ili wapite kwenda na kurudi kazini. Kiwanda kilikufa, miti ikarudi, na siku hizi watu hulipa kiingilio wakatembee mahali ambapo wenzao walipita wakiwa wamechoka. Mkata tiketi aliwaeleza utaratibu: "Njia ni moja tu. Mnaingilia huku, mnafuata mto, mnatokea lango la chini. Ni mteremko, hata mzee anapita. Benchi zipo njia nzima, mama, wala usikimbie."

Kitinda alimtupia kaka yake jicho. Kumbe ndiyo maana walipachagua: njia moja, hakuna pa kuchepukia, na benchi kila kona. Bi Cherehani alilinasa lile jicho. Akajifunga kanga kiunoni, akaingia.

Kulikuwa na baridi ya kupendeza mle ndani. Genge lilisimama pande zote mbili, limevaa majani kuanzia juu hadi chini, na mizizi ya miti ilining'inia kwenye mawe kama nyuzi za pindo lililofumuka. Mto ulikuwa chini yao, mweupe kwa povu. Mahali fulani njia ilikuwa ya mbao zilizopigiliwa kwenye jiwe, na ukutani kulikuwa na mnyororo wa kushikilia. Bi Cherehani hakuushika. Alipita juu ya zile mbao kama anayekwenda kuzima jiko.

Kwenye benchi ya kwanza Kitinda akaita, "Mama, tukae kidogo tunywe chai."

"Chai inanyweka hata kwa miguu. Nimiminie."

Alimiminiwa. Akainywa huku anakwenda, ikamwagikia kidevuni, akaifuta kwa mkono. Kwenye benchi ya pili alipewa yai, akalimenya anatembea, maganda akayatia mfukoni. Kwenye benchi ya tatu Kitinda alikuwa ameshaanza kuutandika mkeka, na kwa mara ya kwanza Bi Cherehani aliona aibu kidogo, maana binti alipiga goti, akalainisha ncha za mkeka kama anayemtandikia mgeni. Lakini aliupita. Aliuruka kabisa, kwa hatua moja, kanga juu ya magoti.

"Jamani, mama!" Kitinda alilalamika. "Tumekuja kutembea au kufukuzana?"

"Nyie vijana wa siku hizi mna miguu ya mapambo tu."

Nyuma kabisa Brashi alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye mnyororo. Aliinua mwingine akapunga, kama mtu anayesema nendeni, nakuja.

Penye magofu ya kiwanda palikuwa na kibao kirefu chenye maelezo, na hapo ndipo miguu yake ilipotaka kumsaliti. Kuta zilikuwa bado zimesimama, hazina paa, miti imeota ndani ya vyumba. Gurudumu la chuma lililokuwa likizungushwa na maji lilikuwa limekwama kwenye mtaro wake, limekula kutu. Kibao kilisema humo zilikuwa safu za mashine za kufuma, na wanawake ndio waliozihudumia, wamesimama kutwa. Bi Cherehani alitamani kusoma lote. Alitaka kujua walifuma kitambaa gani, uzani gani, kilitumika kwa nguo zipi. Maisha yake yote ameshika nguo bila kuona mahali inapozaliwa. Lakini kando ya kibao palikuwa na benchi, na benchi ilikuwa mtego. Alisoma mistari miwili huku anapita, shingo imegeuka, akajikwaa, akaendelea. Iliyobaki hakuisoma, na ilimuuma.

Kitinda alimfikia kwenye daraja la mawe. Alikuwa anahema, kikapu kimemchora mstari mwekundu mkononi.

"Mama, tafadhali. Kaka ana jambo anataka kukuambia."

"Amekaa?"

"Amekaa."

"Mimi sijakaa."

"Mama, si mchezo."

"Nani anacheza? Najua mnachotaka kusema. Mlianza kuongea na mwenye nyumba nyuma ya mgongo wangu, mnadhani sina macho? Mwambie kaka yako jibu ni hapana. Asijisumbue kulitoa mdomoni."

Kitinda alimtazama. Uso wake ulibadilika, ukawa kama wa mtoto aliyepigwa kofi bila kujua kosa lake. "Hapana?" aliuliza. "Mama, unajua, na unasema hapana?"

"Hapana. Kile chumba ni changu."

Machozi yakamlengalenga binti. Hakubishana. Aligeuka, akarudi alikotoka, akikimbia huku kikapu kinampiga nyonga. Bi Cherehani alibaki peke yake katikati ya daraja na moyo wake ukamsuta, lakini akaukaza. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alijiambia. Rafiki yake muuza vifungo aliwachelea wanawe, leo yuko wapi?

Akaendelea. Baada ya daraja njia iliingia ndani ya jiwe lenyewe, pango lililochongwa, refu, lenye giza la kutosha kukufanya unyooshe mikono. Maji yalidondoka shingoni. Sauti ya mto iligeuka ngurumo, hata mawazo hakuyasikia. Alipotokea upande wa pili kulikuwa na jua, nyasi, na lango la chini mbele yake na mlinzi ameketi kwenye kiti cha plastiki. Ameshinda. Ametembea korongo zima bila kukaa, na neno halikusemwa.

Sasa ushindi huo aufanyie nini? Alisimama akakung'uta kanga. Alizunguka mti. Alikwenda langoni akasoma saa za kufunga, akarudi. Alitoa maganda ya yai mfukoni, akatafuta pipa, akayatupa. Watu waliokuwa nyuma yake walianza kutoka pangoni: familia yenye watoto, wazee wawili wenye fimbo. Hata wenye fimbo! Wa kwake hawakutoka. Mwanzo alikasirika, akidhani wanamkomoa. Baadaye hasira ilimpungukia na pakabaki kitu ambacho hakukipenda. Akaanza kumkumbuka Brashi na ule mnyororo. Kijana ambaye hushinda juu ya ngazi, ndoo ya rangi mkononi, anaimba. Ameshika mnyororo kwenye njia ya mteremko?

Mwanamke mmoja alitoka pangoni na mumewe. Bi Cherehani akawazuia. "Samahani, wanangu. Mmewaona vijana wawili huko nyuma, wana kikapu?"

"Wenye mkeka?" mwanamke akajibu. "Wapo kule kwenye magofu. Yule kaka amelala."

"Amelala?"

"Dada yake anampepea. Tuliwauliza kama wanataka msaada, wakasema wanamsubiri mama yao. Mlinzi wa huko kwenye magofu ameshaambiwa."

Ameshona miaka yote hiyo akikanyaga pedali, lakini miguu yake haikuwahi kwenda kama ilivyokwenda kurudi. Pangoni alijigonga bega. Darajani alimpita mtu aliyekuwa anapiga picha, akaikata picha yake katikati, wala hakuomba radhi. Alikuwa anaomba jambo jingine, kwa sauti, na mto uliifunika.

Aliwakuta chini ya ukuta wa kiwanda. Brashi alikuwa ameegemea mawe, amejilaza nusu, vifungo vya shati vimefunguliwa, mdomo una rangi ambayo mama hapendi kuiona kwa mtoto. Ndala zilikuwa pembeni. Na miguu yake! Ilikuwa imevimba, ngozi imenyooka inang'aa, alama za mikanda ya ndala zimezama kama za kamba iliyokaza gunia. Kitinda alikuwa anampepea kwa mfuniko wa bakuli.

Bi Cherehani hakukaa. Alianguka tu, magoti kwenye mawe.

"Nini hiki? Baba, nini hiki?"

"Nimeshameza dawa, mama, inatulia," Brashi alisema polepole, akichukua pumzi kila baada ya maneno mawili. "Ni moyo. Daktari anasema mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa. Watanipasua, nasubiri tarehe. Alisema nitembee, lakini taratibu. Tulidhani..." Akatabasamu. "Tulidhani na wewe utatembea taratibu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Swali lilimtoka kwa ukali, kama kawaida yake. Kitinda aliacha kupepea.

"Tulikuomba ukae," alisema.

Hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Bi Cherehani aliona haya ambayo hajawahi kuyaona maishani, haya ya kutamani mto ule umchukue. Yeye ndiye aliyempunguzia mwanawe kiuno cha suruali mara mbili mwaka ule, tepu mkononi, huku akimsifu kwamba kitambi kimekwisha na amekuwa kijana tena. Mikono yake ilipita kwenye ule mwili, ikapima, ikaandika kwa chaki, na haikujua kitu. Kisha akamkimbiza mgonjwa korongo zima, kwa ajili ya chumba.

Akakikumbuka chumba. "Na yule mwenye nyumba, Kitinda? Ulikuwa unamwambia nini?"

"Nilimuuliza kama anaruhusu mtu mwingine ahamie kwako. Kaka anaishi ghorofa ya nne, mama. Ngazi zile daktari amezikataza kabisa. Na kwangu unajua, watoto wamejaa hadi jikoni. Kwako ni chini, hakuna hata kidato. Nilimwambia kaka nikuulize mimi, akakataa, akasema atakuuliza mwenyewe."

"Nilikuwa naogopa," Brashi alisema. Alikuwa amefumba macho. "Ulitutoa wote ukatuambia mtu mzima ana kwake. Nilisema, nitarudije na umri huu, nimlalie mama kwenye vitambaa vyake? Halafu Kitinda akaja hapa analia, anasema umeshajua, na umesema hapana. Nikasema sawa. Mama amesema hapana, tutatafuta pengine. Hapo ndipo kifua kikabana."

Bi Cherehani alikuwa na la kueleza: muuza vifungo, sofa, mashine, jinsi alivyodhani. Angeeleza siku nyingine. Aliuchukua mguu wa mwanawe, akauweka mapajani kwake, akaanza kuusugua kwa viganja, taratibu, kuelekea juu, kama alivyomsugua alipokuwa mtoto mchanga.

"Meza ya kukatia itakaa barazani," alisema hatimaye. "Majora nitayapanga juu ya kabati. Kitanda kitaingia pale dirishani upate hewa. Mashine nitaisogeza, lakini itapiga kelele, nakuambia mapema. Mimi sinyamazi."

"Najua, mama."

"Na Mama Redio atajua habari zako zote."

"Acha ajue," Brashi alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka cheko lenye hewa ndani yake. Bi Cherehani alicheka naye, kisha cheko likageuka likawa kilio, na hakukificha. Kitinda alimshika mama yake mabega. Walikaa hivyo, watatu, chini ya ukuta usio na paa, na maji yalikuwa yanaendelea na safari yake bila kuwangoja.

Kivuli kilishuka kwenye genge. Wapita njia waliadimika, kisha wakaisha. Brashi alisinzia, kichwa begani kwa mama yake, na Bi Cherehani alikuwa anasikiliza kila pumzi inavyoingia na inavyotoka. Bega lilimfa ganzi. Mguu ulimfa ganzi. Mwili mzima ulimwambia ainuke, afanye kitu, chochote, na alikuwa na woga ambao hajawahi kuwa nao, kwa sababu hapa hapakuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kutulia.

Mlinzi wa magofu akatokea na tochi ambayo bado haijahitajika. "Mama, lango la chini linafungwa sasa hivi," alisema. "Itabidi mharakishe."

"Tangulia, baba," Bi Cherehani alimwambia kwa sauti ya chini, asimwamshe mwanawe. "Waambie walinzi wenzako watungoje. Sisi tunakuja polepole."